Darasa la Kuanguka

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimtungia mama uzi kwenye sindano tatu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumchezea. Siku moja nilikuwa kwenye sindano ya pili niliposikia kishindo ngazini.

Nilimkuta ameketi chini kabisa, vifungo vya mteja vimetapakaa pembeni.

“Nimeteleza tu,” alisema. “Usiniangalie kama nimefufuka.”

Hakuvunjika kitu. Lakini tangu nilipompandisha ndani hakushuka tena. Kibanda chake cha ushonaji, hatua chache kutoka mlango wa chini, kikakaa na kufuli wiki tatu. Wateja wakipiga simu aliwaambia mgongo unamuuma. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa, nimeisomea kazi hiyo; nikamletea dawa ya kuchua. Haikufunguliwa. Nikajua si mgongo, ila sikuthubutu kumwambia. Mimi ni mtu wa haya, hata kwa mama yangu.

Mteja mmoja wa dawa za presha ndiye aliyenielekeza kwenye darasa la bure la Jumamosi, katika ukumbi nyuma ya zahanati. Huko watu walifundishwa kupumua, kulegeza mwili, kujongea polepole, na kuanguka bila kuumia. Mwalimu alikuwa mama mmoja aliyecheza judo ujanani. Wote walimwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake mchana kutwa.

“Nikafundishwe kuanguka?” mama aliuliza. “Hilo mbona nimeshafuzu.”

Hata hivyo alikuja. Tulishuka ngazi ishirini na mbili kwa robo saa, kucha zake zikiwa zimezama mkononi mwangu.

Jumamosi mbili za kwanza zilikuwa za kupumua.

“Fundi,” Taratibu alimwambia, “mabega yamekupanda masikioni. Yashushe, hakuna atakayeyaiba.”

Jumamosi ya tatu tulichuchumaa kwenye magodoro membamba tujifunze kuanguka chali. Wenzetu walibingirika vizuri. Hata mimi niliweza. Mama kila mara alitanguliza mkono.

“Mkono ukitangulia ndio unaovunjika.”

“Mikono yangu haisikii, mwalimu. Miaka thelathini nadaka mikasi kabla haijagusa sakafu. Nikiona kitu kinadondoka, nadaka.”

“Sasa leo kinachodondoka ni wewe.”

Watu walicheka, mama naye akacheka, lakini alipojaribu tena mkono ukatangulia vilevile. Niliona macho yake yakitafuta mlango. Nikajua akitoka pale hatarudi, na kibanda ndio basi.

Taratibu hakubishana naye. Alienda kabatini akarudi na pazia kuukuu la ukumbi, akampa.

“Hiki ni kitambaa cha gauni la bibi harusi. Cheupe. Harusi ni kesho na hapa chini pana matope. Haya, anguka.”

Mama alilitazama lile pazia la kijivu. Kisha akalikumbatia kwa mikono miwili, akaliwekea kidevu juu, mgongo ukajikunja wenyewe, akabingirika nyuma na kurudi kama mtoto kwenye bembea.

“Halijagusa,” alisema, akilikagua.

Alirudia mara nne. Ya tano alianguka bila pazia, mikono bado imekumbatia hewa.

Mwishoni tulilala wote chali, taa zimezimwa, tukisikiliza pumzi zetu. Taratibu alipita kati yetu bila viatu, akasimama karibu na mama.

“Mgongo unaendeleaje, fundi?”

Mabega ya mama yalikuwa yamelala kwenye godoro.

“Mgongo haujaniuma hata siku moja,” alisema, macho kwenye dari. “Nilikuwa naogopa. Niliogopa nitaanguka huyu binti yangu yuko kazini, nilale pale mpaka jioni peke yangu. Niliona aibu kusema.” Akapapasa pembeni mpaka akaupata mkono wangu. “Asante, mwalimu. Na wewe mwanangu, asante kwa kunileta.”