Kamera Mbili, Namba Moja

Jiwe la kwanza lilimpata Constant mdomoni, gunia langu la makala, makaa ya kupikia, likiwa bado begani mwake. Ndiyo maana hakuweza kujieleza. Mdomo uliokuwa na maelezo ndio uliopasuka kwanza.

Constant alikuwa sentineli, mlinzi wa depo ya mchele ya mzee tunayemwita papa Yunus, hapa Makiso mjini, ambapo ninakaanga makemba, zile ndizi kubwa, mbele ya geti dogo. Sisi akina mama wa barabarani haturudi nyumbani Mangobo na mizigo kila jioni. Tunamwachia mlinzi, naye asubuhi anatutolea. Sisi tunamkatia makemba ya moto, basi. "Mama Delphine," alizoea kunitania, "makala yako ililala muzuri kunipita miye."

Delphine ni binti yangu. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo naeleza alivyonieleza. Papa Yunus alikuwa amepotelewa na mchele, akamwita Delphine amwekee kamera mbili: moja itazame mlango wa depo, nyingine geti dogo. Milango yote miwili ilipakwa bluu ileile. Ndani ya kamera, alisema, mna kompyuta ndogo kama kidole gumba, na kila moja lazima uiandikie adresi yake ya kudumu, namba isiyobadilika. Usipoiandikia, umeme ukikatika na kurudi, kamera inajiokotea namba nyingine, na ekrani, kile kioo cha ofisini, haiioni tena. Na kwetu umeme unakatika kama pumzi ya mwenye pumu.

Siku aliyozifunga, taa zilikuwa zinakonyeza. Kamera ya mchele aliiandikia yote pole pole, mstari kwa mstari. Ya pili alitaka kuiwahi kabla umeme haujaondoka, akanakili kadi ya kumbukumbu ya ile ya kwanza nzima nzima, pamoja na namba yake, kama fundi anayekata suruali mbili kwa mkasi mmoja. Ilibaki kubadilisha tarakimu ya mwisho. Umeme ukaondoka. Uliporudi, kwenye ekrani dirisha la mchele lilikuwa na picha, la geti lilikuwa jeusi. Alidhani ni waya. Akasema atarudi kesho na waya mpya.

Kesho yake umeme ulikatika tena. Uliporudi, kamera ya geti iliamka mapema kuliko mwenzake, ikaikalia namba ya mchele, na picha yake ikaingia dirisha la mchele. Papa Yunus akatazama dirisha lililoandikwa "Mchele", akamwona Constant anatoka kwenye mlango wa bluu na gunia begani.

Papa Yunus alitoka mbio akisema neno moja tu. Mwizi.

Vijana wa toleka, teksi za baiskeli, waliziangusha baiskeli zao palepale, magurudumu yakawa yanazunguka yenyewe. Mmoja alifungua mnyororo wake. Niliusikia ukipasua hewa, kisha ukipasua kitu kingine. Constant alianguka juu ya gunia. Walimkanyaga vidole, wakamkanyaga shingo, na wengine waliopita njia waliingiza teke lao wakaendelea na safari. Nilipogeuka, karai langu halikuwa juu ya jiko. Mafuta niliyoyachemsha mwenyewe yalimwagwa mgongoni mwa mtu aliyekuwa akiyasubiri makemba yake.

Nilipiga magoti nikalipasua gunia kwa kucha. Makala yakabingirika kati ya miguu yao.

"Iko makala," nikasema. "Iko yangu. Muangalie."

Fiston, dereva wa toleka anayekula kwangu kila siku, alinishika mkono kwa upole, akanisogeza kama mtu anayesogeza kiti. "Toka, mama. Mashini haina ndugu. Haiwezi kumusemea mutu uongo."

Akarudi kupiga.

Delphine alifika na waya mkononi. Hakuja kwetu, aliingia ofisini. Baadaye aliniambia kwamba ndani ya dirisha lililoandikwa "Mchele" aliniona mimi, nimepiga magoti getini, mikono myeusi. Hapo akajua. Alitoka akamshika papa Yunus kanzu, kitu ambacho binti hafanyi kwa mtu mzima, akamvuta hadi kwenye ekrani.

"Papa Yunus, hii si mchele. Angalia. Mama yangu iko ndani."

Papa Yunus aliisogelea ekrani, akayaona makala. Alipotoka kuwaambia waache, walikuwa wameshaacha, na Constant hapumui tena. Waliokota baiskeli zao mmoja mmoja. Fiston hakuweza kuipanda yake. Aliisukuma, akiyakwepa makala yasipondeke.

Enyi wenye watoto wa kazi hii, waambieni wasinakili kwa haraka. Delphine sasa, kabla ya kuipa kamera namba, kwanza anaiita namba hiyo kwenye kompyuta, halafu anasubiri. Ikijibiwa, ina mwenyewe. Isipojibiwa, iko tupu, inaweza kupewa mwingine. Namwona anavyosubiri, ameuma kidole, na mimi ninaogopa pamoja naye.

Gunia langu ninalibeba mwenyewe kutoka Mangobo. Getini amesimama sentineli mpya, mpole tu, na koti la kazi ni lilelile la Constant, mikono inamzidi. Asubuhi yake ya kwanza, kwa mazoea, niliita jina la Constant.

Nikasubiri kidogo. Kisha nikawasha moto.