Ubeti wa Nne

Tangu chakula cha mchana wanawake walikuwa wamekaa kibarazani kwa Bi Tildy, kila mmoja na sindano yake, wakitunga maharage mabichi kwenye uzi, maganda na yote, yapate kutundikwa juu ya jiko yakauke kwa ajili ya baridi. Kazi ile huchosha vidole, kwa hiyo haikosi wimbo.

"Icy, hebu tupe wewe," alisema Zona, jirani yao. "Nasikia shuleni umewabwaga wote kwa kuimba."

Icy, mwenye miaka minane, hakungoja kubembelezwa. Alifumba macho kama wafanyavyo wakubwa, akaanza. Verdie, mama yake mdogo aliyemlea, aliujua wimbo kabla mstari wa kwanza haujaisha. Sindano ikamchoma kidole.

Ulikuwa wimbo wa Lena, msichana aliyeuawa mtoni. Bonde zima liliuimba. Ubeti wa nne ulisema Lena alimcheka mpenzi wake, akamwonyesha pete ya mwanamume mwingine, naye kijana wa watu akamzamisha majini huku akilia.

Hapo Icy akakatiza. "Mama mdogo, kwa nini alimcheka? Mimi namhurumia yule kaka. Lena alikuwa mbaya."

Wote pale walijua, isipokuwa mtoto, kwamba Lena ni Orlena, dada yake Verdie na mama mzazi wa Icy. Mtoto aliambiwa mama yake alikufa kwa homa. Verdie ndiye aliyemwambia, akidhani uongo mdogo utamfunika kama blanketi. Kumbe uongo mkubwa ulishaingia humo humo, ukimfundisha kumchukia mama yake kwa sauti tamu.

"Bi Tildy," Verdie alisema, "wewe ndiye unayewafundisha watoto. Ubeti huo utoe."

"Nitoe! Mwanangu, mimi naimba nilivyopokea. Ukigusa neno moja, wimbo wote umevunjika."

"Umepokea kwa nani? Si kwa kaka wa Garland, wa muuaji mwenyewe, ndiye aliyeutunga akauimba uani pa mahakama, mbele ya wale kumi na wawili wa kuamua kesi? Ulikuwepo! Ulilia kuliko mimi. Garland akafungwa miaka mitatu tu, sasa yuko Tennessee na mke."

"Nililia, sikatai. Ni wimbo mzuri."

"Verdie, mtoto anasikia," Zona alinong'ona.

"Na asikie." Verdie akamgeukia Icy. "Lena ni mama yako. Hakuwa na mwanamume mwingine. Garland, baba yako, alimwita mtoni, eti waende kwa mchungaji wakafunge ndoa. Mama yako akakuacha mikononi mwangu, akasema, 'Narudi kabla hajaamka kunyonya.' Alishuka kilima mbio, gauni limeshalowa maziwa kifuani. Mwanamke wa hivyo, Icy, ana nafasi ya kumcheka nani?"

Icy aliutazama uzi wake. "Nililia?"

"Mpaka jioni. Nilikupa kitambaa chenye sukari, ukakitema."

Kisha Verdie, ambaye hajawahi kusifiwa sauti, akaimba maneno yale yale ya dada yake kwa mahadhi ya wimbo: narudi, dada, kabla hajaamka. Hakuna aliyeitikia. Bi Tildy alingoja kwa adabu mpaka akamaliza.

"Pole, mwanangu. Ni kweli tupu. Lakini wimbo hauendi hivyo." Akavuta maharage mengine mapajani. "Haya, tuumalize. Wimbo hauachwi njiani, marehemu akabaki majini."

Wakauanza upya, taratibu, macho chini. Icy naye aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walipofika wa nne akafunga mdomo. Wenzake wakaendelea bila yeye, na Garland akalia tena, vizuri kama alivyolia miaka yote. Icy alitunga maharage yake kimya, moja baada ya jingine, akingoja wapite.

Kwenye ubeti wa tano, wanapomzika Lena, akaingia tena.