Taya la Mwihaki

Tangu kanda ya harusi ya rafiki yake Jerono ionyeshwe, Mwihaki hakupata raha tena. Walikuwa wamejazana sebuleni kwa Jerono, mtaa wa Matisi, wakinywa soda na kujitafuta kwenye televisheni. Kamera ilipomfikia yeye kati ya wasimamizi, mtu mmoja nyuma akauliza, "Na huyu mjeshi, aliletwa na nani?" Wakacheka wote. Mwihaki naye akacheka, tena kuwashinda, kisha akaenda kujifungia chooni hadi kanda ikaisha.

Ni kweli taya lake lilikuwa pana, lenye kona mbili chini ya masikio ambazo hazikufichika. Alikuwa amejifunza kufunga kitambaa kikapita mashavuni, kucheka mkono ukiwa kidevuni, na kusimama upande kila alipopigwa picha. Mwaka huo wa 2006 alikuwa na duka lake la vipodozi mjini Kitale, na hakuna poda aliyoiuza ambayo hakuijaribu kwenye zile kona. Poda ilikaa, na mfupa nao ukakaa palepale.

Ndipo akasikia kwamba daktari wa upasuaji wa uso huja Bungoma kutoka Nairobi kila mwezi. Alikwenda bila kumwambia mtu.

Daktari Wepukhulu hakuwa na haraka hata kidogo, na hilo lilimchoma Mwihaki, aliyekuja na haraka ya watu watatu. Alimpapasa taya, akamwambia aume meno, kisha akamuuliza ni nani anayetaka likatwe.

"Si ni mimi?"

"Ni wewe, ama kuna mtu alikuambia kitu?"

Mwihaki akavuta kitambaa mashavuni. Daktari akaendelea polepole. Mfupa ukishachongwa haurudi. Ndani ya taya kuna mshipa wa fahamu, na ukiguswa vibaya mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, pengine kwa muda, pengine moja kwa moja. Uvimbe huchukua miezi kuisha, na uso utakaobaki si lazima uwe ule aliouota.

"Kuna wenye nimefanyia wakafurahi," alisema. "Kuna wengine walirudi wakitaka pua. Kumbe taya haikuwa shida yao. Sasa mimi nataka kujua kama yako ulizaliwa nayo ama bado inakua. Kwenu, nani ako na taya kama hii? Niletee picha yake. Halafu fikiria, unitumie meseji."

Kwao swali hilo hata kuku wangelijibu. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na Mwihaki alipewa jina, taya, na cheo juu yake. Mzee Gathogo hakuwahi kumwita binti yake Mwihaki. Alimwita Mama. Mama, umekula? Mama, punguza redio. Nyanya mwenyewe alikuwa amefariki kabla mjukuu hajazaliwa.

Asubuhi alimkuta baba akikamua ng'ombe.

"Baba, picha ya shosho, mama yako, iko wapi?"

"Ya nini?"

Alikuwa ametunga uongo mzuri, lakini kwa kukosa usingizi ukamponyoka, akajikuta anasema yote: kanda, mjeshi, daktari, mfupa. Gathogo hakuacha kukamua.

"Picha hakuna," alisema mwishowe. "Alipigwa moja tu maisha yake yote. Ilichomeka na ile nyumba yetu ya kule Ndalu."

Habari za moto ule Mwihaki alizijua tangu utotoni, mahindi yaliyoteketea na cherehani pia. Hakuna aliyewahi kutaja picha.

"Sasa ukitaka kumwona unafanyanga nini?"

Baba akamtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Si nakuita, unakuja."

Mwihaki alikasirika. Alikuwa amejiandaa kugombezwa, majibu yote anayo, na mzee hakutaka hata kugombana.

"Taya ni yako," Gathogo alisema, akiinua ndoo. "Siwezi kukuambia ukae na kitu inakuuma. Lakini kabla ukatwe, twende studio kwanza."

Jumamosi wakaenda. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Mpiga picha, Kimaiyo, alipokuwa anapanga taa, Gathogo alimtazama binti yake na kusema, "Kitambaa rudisha nyuma ya masikio. Alikuwa anafunga hivyo." Mwihaki akakirudisha. Alijisikia uchi, akatamani kutoroka. Shingo ikajigeukia yenyewe upande.

"Poa, siz, hapo hapo," alisema Kimaiyo. "Hiyo ndiyo side yako."

"Hapana," alisema Gathogo. "Mama yangu hakuwa anaangalia watu na kando."

Mwihaki akageuka, akaitazama kamera. Kando yake mzee alifunga kifungo cha shati, akajipangusa mdomo, akanyoosha mgongo, kama mtoto anayekaguliwa na mamake kabla ya ibada. Mwihaki alimwona kwa pembe ya jicho, wala hakugeuza tena shingo.

Nje, Gathogo alikuwa mchangamfu. "Haya. Sasa niko na picha yake. Wewe enda kwa daktari na roho safi." Akavuka barabara kwenda kununua dawa ya ng'ombe.

Mwihaki akabaki kwenye ngazi za studio na simu mkononi. Neno "nimekubali" lilikuwemo tangu juzi, likisubiri kutumwa. Akalifuta. Akaandika, "Daktari, sitakuja," akatuma upesi kabla vidole havijabadili nia.

"Mama!" baba aliita kutoka ng'ambo. "Unakuja?"

"Nakuja," alisema, akavuka, kitambaa kikiwa bado nyuma ya masikio.