Tuanze Tena kwa Heshima ya Mgeni

Jumapili saa tisa kasoro robo, Warigia alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi ulio nyuma ya soko, Eldoret, akichana tiketi katikati na kuwaonyesha watu viti vyao. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, na miguu yake ilikuwa imeichoka kabla yake. Alimjua kila mtu kwa kiti chake. Mwalimu Kibet, mstaafu, alikaa safu ya tatu na kuamini kwamba mchezo wa nyimbo husikilizwa mikono ikiwa mapajani, na kwamba kupiga makofi wimbo ukiwa katikati ni sawa na kumkata mtu kauli. Mama Nakhumicha, muuza mitumba, alikaa kando yake na kuamini kinyume: kiingilio amelipa kama watu wengine, na wimbo akiujua atauimba. Walikaa pamoja kila mwezi ili wapate kugombana, na Warigia alikuwa ameacha kuwatenganisha.

"Leo usiniimbie sikioni," Mwalimu Kibet alimwambia jirani yake.

"Mwalimu, kama unataka kimya, si kuna maktaba?"

Mchezo wa siku hiyo ulimhusu mwanamke wa Moi's Bridge anayepeleka mahindi ghalani na kurudishwa kila mara akiambiwa bado ni mabichi. Mwanamke huyo aliigizwa na Eddah, binti ya Warigia, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Mwishoni kabisa Eddah aliimba akipepeta mahindi peke yake, bila ngoma wala kinanda. Wimbo huo Warigia alikuwa amesikia vipande vyake tu nyumbani, mtaa wa Huruma, kupitia ukuta wa mabati wa bafu, kwa sababu Eddah alikataa kumwimbia wote. Alitaka mama yake ausikie ukumbini, akiwa ameketi kama mtu.

Ukumbi ule una desturi. Mgeni wa heshima akichelewa, husubiriwa nusu saa, kisha mchezo huanza. Akifika, mchezo husimamishwa, watu husimama, na akishaketi mchezo huanza tena kutoka mwanzo ili asikose kitu. Na kila unapoanza tena, anayeimba sehemu kubwa huzeeka miaka kumi na miwili. Kwa nini kumi na miwili, hakuna ajuaye. Kamati iliwahi kuliweka jambo hilo kwenye ajenda, lakini siku hiyo suala la vyoo lilichukua muda wote. Kiplimo aliimba sehemu ya bwana harusi mwaka juzi akiwa na miaka ishirini na minne, mgeni akaja kwa awamu mbili, kwanza mwakilishi, kisha yeye mwenyewe. Siku hizi Kiplimo hupewa sehemu za wakwe, na hahitaji kupakwa unga kichwani.

Eddah alikubali kuimba kwa sababu safari hii mgeni alikuwa ameandika barua kwamba atafika saa tisa kamili.

"Mum, si unaona iko na stamp?" alikuwa amemwambia mama yake.

Warigia aliutazama muhuri, akaridhika. Ni mtu wa kuheshimu mihuri.

Saa tisa ilifika bila mgeni. Saa tisa na nusu mchezo ulianza. Saa kumi na dakika tano aliwasili mwakilishi wa mgeni, aliyetumwa kuangalia kama mambo yako tayari ili mgeni aweze kutoka nyumbani. Githinji, msimamizi wa ukumbi, alipanda jukwaani akiinua mikono yote miwili.

"Tuanze tena kwa heshima ya mgeni," alisema.

Watu walisimama, wakapiga makofi, wakaketi. Eddah alirudi nyuma ya pazia akiwa na ishirini na miwili na kutokea akiwa na thelathini na minne. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, na gauni lilimbana kiunoni, basi mtu wa mavazi akamfungulia pini mbili. Safu ya tatu, Mwalimu Kibet alimwambia Mama Nakhumicha kwamba maganda ya njugu yanamharibia maneno ya wimbo. Mama Nakhumicha alimjibu kwamba njugu zilikuwepo kabla ya maneno.

Saa kumi na moja na robo alikuja mke wa mgeni, pamoja na wenzake wanne wa kanisani. Tuanze tena. Maji ya chupa yaliletwa, viti vya sofa vikapanguswa, na Eddah akatokea akiwa na miaka arobaini na sita. Kuria, kijana wa gereji aliyekuwa amuoe Desemba, alikuwa safu ya tano. Alimtazama Eddah kwa muda, akatoka kwenda kuangalia pikipiki yake. Alimuaga Warigia mlangoni kwa adabu, kwa mikono miwili, na hakurudi.

Wakati wa mapumziko Warigia alikwenda nyuma ya jukwaa. Eddah alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu ndani ya karai la maji. Warigia alikuwa na miaka arobaini na saba. Walitazamana kama wanawake wawili waliokutana kwenye foleni ya kliniki.

"Magoti yanakusumbua?" Warigia aliuliza.

"La kushoto. Na wewe?"

"La kushoto pia."

Eddah alijikausha miguu. "Mum, nimebakisha nyimbo mbili. Yeye mwenyewe akikuja, si umchelewesheko kidogo hapo mlango? Hata dakika kumi tu."

"Nitamchelewesha."

"Haki ya Mungu?"

"Kwani mimi si mama yako?"

Warigia alirudi mlangoni akatia komeo, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya watu wakiwa ndani. Alisimama na mkono juu ya chuma kile. Wimbo wa kwanza kati ya zile mbili uliisha. Mama Nakhumicha aliufuatisha kwa sauti mpaka mwisho, na Mwalimu Kibet akasema "shh" mara tisa, kwa hiyo wote wawili walikuwa wameshiriki sawasawa. Kisha kukawa kimya, ungo ukasikika, na Eddah akaanza wimbo wa kupepeta.

Hapo mlango uligongwa. Uligongwa polepole, na mtu asiye na ubaya wowote.

"Mama, habari ya jioni," mgeni wa heshima alisema kutoka nje. "Mtuwie radhi. Hiyo barabara ya kutoka Moi's Bridge imejaa malori ya mahindi."

Ndani, binti yake alikuwa amefika ubeti wa pili. Zilibaki beti tatu.

"Mama? Kuna shida?"

Alijua la kusema. Alikuwa amelipanga: mlango umekwama, tunatafuta ufunguo, ngoja kidogo tu. Lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemwacha mgeni amesimama nje, na mwili una mazoea yake. Alisikia mdomo wake ukisema, "Hakuna shida, Mheshimiwa. Karibu sana," na mkono wake ukivuta komeo. Hata aliinama kidogo. Alijichukia wakati huohuo, akiwa bado ameinama.

Githinji alipanda jukwaani akainua mikono. Watu wote walisimama. Mwalimu Kibet, adui wa kelele, alipiga makofi mpaka saa ikamteleza mkononi. Mama Nakhumicha alipiga vigelegele. Eddah aliuweka ungo chini na kumtazama mama yake kule mlangoni, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama mvua iliyowahi nguo kwenye kamba. Kisha akaingia nyuma ya pazia.

Alitokea akiwa na miaka hamsini na minane. Kwa kuwa hakukuwa na mgeni mwingine wa kungojewa, Warigia aliketi safu ya mwisho, na saa mbili kasoro robo akausikia wimbo wa kupepeta kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mzuri kuliko vile vipande vya bafuni. Sauti ilikuwa na kutu, na kila neno lilitoka kama limebebwa kutoka mbali. Warigia alijivunia mtoto wake, na aliona haya kwamba wimbo umefikia uzuri huo kwa njia ile. Mgeni wa heshima alizungumza kwa simu katika beti mbili, kwa sauti ya chini, akiwa amefunika mdomo. Wimbo ulipokwisha alikuwa amekwisha kuondoka.

Baada ya mchezo kulikuwa na maoni ya watazamaji, kama kawaida. Mwalimu Kibet alipendekeza njugu zipigwe marufuku. Mama Nakhumicha alipendekeza watu waruhusiwe kuimba viitikio tu, wakanyamaza kwenye beti, na Mwalimu, kwa uchovu, akakubali. Githinji aliandika yote.

"Kuna jambo lingine?"

Warigia aliinua mkono. "Mchezo ukianza, mlango ufungwe. Yeyote akija, angoje."

Watu walimgeukia. Hawakukasirika. Walimtazama kwa huruma.

"Mama Eddah," Githinji alisema, "hiyo ni ya kamati. Na si ni wewe umefungua?"

"Ni mimi."

"Basi." Aliandika kuhusu njugu.

Eddah alitoka amejifunga leso kichwani. Mwalimu Kibet alimpisha njia na kumshika mkono.

"Mama, umeimba," alimwambia. Kisha akamgeukia Warigia. "Mshike vizuri dada yako kwa ngazi. Kuna giza."

"Asante, Mwalimu," Warigia alisema, akamshika.

Githinji aliwafikia wakiwa getini. Mgeni alikuwa amefurahi sana, mchezo ungerudiwa Jumapili ijayo ili aje na marafiki zake, na alikuwa ameomba yule mama wa mlangoni awepo, kwa sababu ana heshima. Wa kuimba alikuwa amepatikana pia: Jerop, mmoja wa waitikiaji wa mchezo, mwenye miaka kumi na tisa. Jerop alikuwa amesimama kando ya ukuta na karatasi za Eddah, akiupitia wimbo wa kupepeta kwa sauti ndogo, maana mazoezi yalikuwa Jumamosi. Eddah alimsahihisha mahali pawili, kwa upole, akaketi kwenye jiwe kupumzisha goti.

Warigia alimkaribia yule msichana.

"Mama yako yuko wapi?"

"Plateau. Nishamwambia akuje Jumapili anione."

"Mwambie aje Jumamosi," Warigia alisema.