Sponji za Mamba wa Rebolo

Anibal Charris alimletea Nurys Polo spika mbili kwenye toroli la kuuzia mihogo, zimefunikwa shuka kama wagonjwa. Nurys hakunyanyuka kitini. Alikuwa barazani kwake, mtaa wa Rebolo mjini Barranquilla, anakunywa kahawa yake, na fundi spika huyu hakuwa na haraka na mtu kama Anibal.

"Zinakoroma, Nurys. Besi ikipanda zinakoroma kama mlevi."

"Funua."

Akafunua. Pete za sponji, zile zinazoishika koni ya karatasi pembeni na kuiachia ipumue, zilikuwa zimemomonyoka kama keki ya juzi. Nurys aligusa moja. Ikabaki kidoleni, na juu yake utando wa rangi ya waridi inayowaka.

"Hizi nilizibadilisha mimi mwaka juzi. Nilikwambia nini?"

"Nisipake rangi."

"Ukafanya nini?"

"Jamani, jirani! Piko, kabati zima la spika, bila rangi si jeneza hilo? Mchoraji alikuwa anamchora mamba upya, rangi ikabaki, nikamwambia apitishe brashi na huku kidogo."

"Kidogo! Rangi ile inayeyusha sponji, wewe mwanamume. Ningeichovya kwenye supu ingedumu zaidi."

Anibal akacheka peke yake.

Piko lake, Mamba wa Rebolo, lilikuwa refu kuliko mtu, limechorwa mamba mbele, na Jumamosi mtaa mzima ulicheza mbele yake. Muziki wake mwingi ulitoka Kongo, na Anibal, kama wenye mapiko wote, alikwangua majina kwenye santuri kwa sarafu, ili wapinzani wasijue wimbo unaitwaje wala kaimba nani. Watu waliona ni ujanja wa kazi. Nurys pia angeona hivyo, kama asingekuwa na kumbukumbu.

Mwaka wa mgomo wa kiwanda cha nguo, wafanyakazi walisimama getini kuwatangazia watu majina ya wenzao waliofukuzwa. Nurys, naye kafukuzwa, alikuwa mmoja wao, ameshika kipaza sauti cha betri. Wenye kiwanda walimkodi Anibal amweke Mamba ng'ambo ya barabara. Likatajwa jina la kwanza, halafu ikaja besi, na hakuna jina lingine lililosikika siku ile. Kesho yake gazeti likaandika kwamba wafanyakazi walikusanyika kucheza. Kucheza! Wakubwa wale wamezeeka vizuri, wengine wamezikwa kwa maua mengi. Waliofukuzwa wamezeekea kwenye kufua nguo za watu na kuuza barafu. Na ukiwakumbusha wenye shibe, wanakwambia usitoneshe vidonda, kana kwamba vidonda ni vyao.

Sasa geti lile lilikuwa libomolewe Jumatatu, yajengwe maduka.

"Nitazitengeneza," Nurys alisema. "Pesa yako sitaki. Jumamosi, kabla ya dansi, Mamba atasimama getini kiwandani. Nitakunong'oneza majina, wewe utayatamka."

"Mimi? Si uyatamke wewe, mdomo unao?"

"Mdomo nilikuwa nao hata siku ile."

Anibal akaangalia toroli. "Watu watanicheka, Nurys."

"Wacha wakucheke. Umekwangua majina maisha yako yote, sasa yatamke. Hutaki, sukuma toroli uende. Mjini kuna duka watakwambia hizi ni takataka ununue mpya."

Anibal akaenda zake, toroli akaliacha.

Nurys alizifanyia kazi bila papara. Alikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, akafuta koni kwa spiriti taratibu, karatasi isije ikachanika. Akabandua kifuniko cha katikati, akachomeka vipande vya picha ya eksirei kuizunguka koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ili ikae sawa katikati ya sumaku, kisha akabandika pete mpya za sponji. Picha ilikuwa ya mapafu yake mwenyewe, ya enzi za vumbi la pamba. Daktari wa kiwanda alisema ni safi. Basi nayo ilipata kazi. Gundi ilipokauka akachomoa vipande, akaibonyeza koni kwa vidole vyote, pande zote sawa, sikio karibu. Haikukwaruza popote.

Anibal alipozifuata akaziangalia kwa huzuni. "Nyeusi tii."

"Na zibaki hivyo. Mbao paka hata dhahabu. Ukigusa sponji, usinijue."

Jumamosi alasiri Mamba alisimama getini. Wazee wa kiwanda walikuja na viti vyao. Vijana walikuja kwa ajili ya dansi, chupa za bia mkononi, wakashangaa hakuna muziki.

"Oya, Charris, umeme umekatwa?" mmoja akapiga kelele.

Anibal akakohoa kwenye kipaza sauti, na kikohozi chake kikatikisa mabati ya nyumba jirani. Nurys akanong'ona.

"Dagoberto Sarabia," Anibal akasema. "Wa mashine za kusokota."

Jina lilitoka lote, zito, bila mkwaruzo. Mwanamke mmoja kwenye kiti akaweka mkono kifuani. Nurys akanong'ona tena, Anibal akatamka tena; alikosea jina moja, wazee wakamzomea, akalirudia vizuri. Wale vijana wakaweka chupa zao chini. Kuna waliosikia majina ya bibi zao.

Mwishowe Nurys akamgusa mkono. "Basi. Yamekwisha. Piga muziki wako."

Anibal hakugeuka kwenye santuri.

"Hayajaisha," akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mtaa wote ulisikia. "Nurys Polo. Wa ushonaji. Huyu hapa."

Nurys hakujua pa kuweka macho. Akayapeleka kwenye spika. Koni zilikuwa bado zinatikisika kidogo ndani ya sponji zake nyeusi, halafu zikatulia.