Kombi Yenye Kitanda

Kama kuna mke mwingine Kisumu nzima aliyekalishwa nyuma ya gari ili mbwa akae mbele, Lornah hakuwahi kumsikia. Kaunsela, mbwa wa mumewe, alikuwa akitapika akikaa nyuma. Lornah hakuwa akitapika, basi nyuma kukawa kwake. Kila Jumamosi waliondoka mtaani kwao Manyatta hivyo: Absalom kwenye usukani, Kaunsela kando yake, kichwa nje ya dirisha, naye mwalimu wa darasa la sita, mama wa watoto wawili walio shule ya bweni, ameketi kitandani katikati ya sufuria, akibana jerikeni ya maji kwa magoti isimwagike. Pale Kisian watu walimpungia mbwa mkono.

Ilikuwa Kombi ya rangi ya maziwa, ambayo Absalom aliinunua mwaka wa themanini na tisa kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Jiko la gesi na mapazia ya maua alikuwa ameyaweka Mzungu. Kitanda Absalom alikitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, na fundi wa vyuma akipenda kitu hakifungi kwa bolti. Alikichomelea sakafuni miguu yote minne, akasema kitang'olewa siku atakapokufa.

Basi wakawa watu wa kutembea wikendi. Mara Port Victoria, lakini mara nyingi Luanda Kotieno, kutazama feri ikivuka kwenda Mbita. Wakifika ufuoni Absalom alikunjua kiti chake cha turubai na kunyoosha miguu. Mbwa aliingia majini, akatoka, akaja kujikung'utia pale pale Lornah alipokuwa akikaanga samaki. Huko ndiko kulikoitwa kupumzika. Wavuvi waliwatazama kwa huruma, maana mtu mzima mwenye nyumba mjini na boma nyumbani analalaje kwenye gari kama mkimbizi? Mama mmoja muuza omena alimwita Lornah kando, akamuuliza kwa upole kama mwenye nyumba alikuwa amewafukuza.

Hayo yote Lornah angeyavumilia. Lililomkera mpaka akakosa usingizi ni kwamba barabara ya Luanda Kotieno ilipita mbele ya kwao. Boma la mama yake, Mama Benta, lilikuwa mbele kidogo ya Kombewa, karibu kabisa na barabara, na mama alikuwa mjane anayeishi peke yake na kuku. Kila Jumamosi Lornah alisema, "Leo tuingie, nilale na mama hata usiku mmoja." Kila Jumamosi Absalom alikuwa na jibu. Mkwe halali kwa wakwe zake. Mkwe haingii tu hivi hivi, mkono mtupu haulambwi, lazima sukari, lazima mafuta, na wao lazima wachinje, siku nzima iishie hapo.

"Tutapitia tukirudi," alisema.

Jumapili wakirudi jua lilikuwa limezama, mbwa ananuka samaki, na kesho yake kulikuwa na kazi. Mwaka ukapita, wa pili ukafuata. Waliingia Krismasi na Pasaka tu, na siku hizo Lornah alimmwagia mama yake malalamiko yote. "Mama, usione ni gari, ile ni nyumba. Tunapika humo, tunalala humo, mimi na yeye na mbwa." Alisema kwa hasira, hakujua kwamba mama anayaweka moyoni maneno hayo.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Aoko, jirani wa mama, alisimama katikati ya barabara, mikono juu. Absalom akakanyaga breki, sufuria zote zikamwangukia Lornah.

"Mama yako ni mgonjwa tangu Jumatano," Aoko alisema, akimsukuma mbwa pembeni ili Lornah amwone. "Ni kifua. Na leo gari zote zimekodiwa kwenda mazishi. Nimesimama hapa toka asubuhi nikingojea nyinyi."

Lornah alimkuta mama amelala ubavu, kila pumzi ikikwaruza. Alimgusa paji la uso, likamchoma mkono.

"Mama, inuka. Gari iko nje. Hospitali ya Kombewa si mbali."

"Gari gani?"

"Yetu."

Mama Benta alifumbua macho. "Ile mnalala ndani?"

"Hiyo hiyo."

"Siingii."

Lornah alidhani homa imempanda kichwani. Lakini mama aliongea polepole, neno kwa neno, akili zake zote zikiwa mahali pake. "Nyathina, mwanangu, mimi nipite mbele ya kitanda cha mkwe wangu? Nikilalie? Umeona wapi?"

"Mama, ni gari. Ina namba ya gari. Tunailipia bima ya gari."

"Ina mlango, ina jiko, ina kitanda. Wewe mwenyewe ulisema ni nyumba." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Chira, laana ya kuvunja mwiko, haitanipata mimi, mimi nimezeeka. Itapata watoto wako. Niache hapa."

Lornah alimgeukia Aoko amsaidie. Aoko akatingisha kichwa kwa masikitiko. "Anasema ukweli," alisema.

Alitoka nje akiwa hajui acheke au alie. Absalom alikuwa amesimama njiani, nje ya ua, ameupa mgongo mlango wa mama mkwe kama inavyompasa. Hapo Lornah akapasuka. Alimwambia kuhusu Jumamosi zote za miaka miwili, kuhusu nyuma ya gari, kuhusu harufu ya mbwa kwenye sare yake ya kanisa, kuhusu tutapitia tukirudi. Alimwambia kwamba mama yake anakufa kwa sababu ya kitanda, na akifa, yeye Absalom atamzika nacho.

Absalom alisikiliza mpaka mwisho. "Mama ana haki," alisema. "Hata mimi singeingia."

Lornah alitamani kumrushia kiatu. Watu wote walikuwa wakikubaliana isipokuwa yeye, na aliyekuwa akiishiwa pumzi ni mama yake. Lakini Absalom alikuwa tayari amefungua sanduku la vifaa na kutoa msumeno wa chuma. Aliingia ndani ya Kombi, akapiga magoti, akaanza kukata mguu wa kwanza.

Alikuwa amechomelea vizuri, mshenzi yule. Blade mbili zilivunjika. Jasho lilimtiririka, naye Lornah akashikilia fremu isitikisike. Kitanda kilipong'oka hakingeweza kuachwa bomani, maana kitanda cha mkwe hakilazwi kwa wakwe. Wakakibeba mpaka kando ya barabara. Mara Kaunsela akaruka kutoka kiti cha mbele, akapanda godoro, akalala na kumkenulia meno kila aliyesogea.

"Mwache akae," Absalom alisema.

Aoko akatoka nyumbani mbio. "Anauliza kama jiko limetoka."

Wakatoa jiko. Aoko akarudi tena.

"Anauliza mapazia."

Mapazia Lornah aliyararua kwa mikono yake mwenyewe, maua na pete zake, na hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata siku hiyo. Kisha wakatandika mkeka sakafuni. Absalom akaenda kusimama nyuma ya ua mpaka mama mkwe alipoingizwa na kufunikwa leso.

Njia nzima mama alilala na kichwa chake mapajani mwa Lornah. "Mwambie apunguze, kuna mashimo," alisema kwa sauti ya kukatika.

"Anasema upunguze."

"Mwambie nimepunguza," Absalom alijibu, kana kwamba hawakuwa hatua mbili tu kutoka alipokuwa.

Daktari alisema ni nimonia, akawauliza kwa ukali kwa nini wamechelewa hivyo.

Lornah alilala sakafuni kando ya kitanda cha mama usiku tatu. Siku ya nne homa ilishuka, mama akaomba uji. Lornah alimnywesha kwa kijiko, na kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka, hasira ikarudi.

"Ungekufa, mama. Ulianza kuugua Jumatano, kwa nini hukutuma mtu mjini siku hiyo hiyo?"

"Nilijua mtapita Jumamosi."

"Ulijuaje?"

"Hiyo gari naijua kwa sauti." Mama alimeza uji, akapumzika kidogo. "Kila Jumamosi naisikia ikija. Pale kwenye kona huwa inapunguza mwendo, na mimi naweka maji ya chai motoni. Halafu inapita. Jumapili naisikia ikirudi, najua mko salama, nalala."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Lornah alitafuta mtu wa kumkasirikia. Absalom alikuwa nje akisubiri. Mbwa alikuwa mbali. Akakumbuka kwamba Jumamosi zote zile alikuwa na mdomo wake, na hakuwahi hata mara moja kusema simamisha gari, nashuka.

"Na hiyo chai?" aliuliza.

"Nilikuwa nainywa tu mwenyewe," mama alisema, akafungua mdomo kungojea kijiko.