Prosesa Kwenye Depo ya Kalombo

Tak. Kimya kidogo. Tak tena.

Jogoo wa jirani alikuwa hajaamka bado, na bibi wa nyumba, Kaku Mbombo, alikuwa ameshaisikia sauti hiyo mara kumi na moja. Haikuwa panya, panya huwa na haya kidogo. Ilikuwa sauti ya kifuniko cha kopo la plastiki, na aliyekuwa akikifungua na kukifunga kule sebuleni ni mwanawe Stany, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mnunuzi na muuzaji wa mawe ya shaba. Tangu jana jioni alikuwa na prosesa mbili za kompyuta, na zilikuwa zimemnyima usingizi kama mtu aliyeachiwa mapacha.

"Stany," bibi akaita kutoka chumbani, "ukiendelea kubifungua, bitashikwa na mafua."

"Naangalia tu, maman."

"Uliangalia jana. Bilibadilika?"

Tak.

Mwaka ule bei ya kobalti ilikuwa imeanguka. Depo za kununulia madini zilifungwa moja baada ya nyingine, wachimbaji wakafukuzwa kwenye mashimo ya Mutoshi, halafu kampuni moja ikagundua kwamba mtaa wote wa kina Stany, mjini Kolwezi, umelala juu ya shaba. Watu walikuwa wameishi pale miaka arobaini bila kujua kosa lao. Akaja kijana mwenye kofia ngumu na kopo la rangi nyekundu, akapaka namba kwenye kila ukuta, akaeleza kwa sauti laini kwamba hakuna anayefukuzwa, watu "wanahamishwa" tu, kwa faida yao wenyewe. Kaku Mbombo alishawahi kufukuzwa, mwaka wa tisini na mbili, kwa sababu wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na siku hizo hakuna aliyejisumbua kuleta sauti laini. Akampa kijana kiti na kikombe cha maji. Aliona kwamba kijana aliipaka namba juu kidogo ili asilichafue pazia la dirisha. Mtu hukumbuka mambo kama hayo.

Stany na mkewe waliamua kwenda Sandoa kulima. Binti yao Tatiana, aliyekuwa na miaka ishirini na tatu, hakutaka. Miezi saba alikuwa akikusanya vipande vya kompyuta ya michezo: sanduku la chuma kutoka kwa karani wa depo iliyofungwa, kadi ya picha, kadi ya kumbukumbu, na carte mère mpya kabisa, lile bamba kubwa ambalo vipande vyote vingine huchomekwa juu yake. Adolphine, mama mwenye duka la vipande vya kompyuta pale Dilala, alikuwa amemwahidi kona moja ya duka na kitanda nyuma ya pazia. Vijana wangekuja kucheza kwa kulipia, naye angeishi kwa kazi hiyo. Ila mashine iwe inawaka kabla ya Jumamosi, la sivyo kona ingepewa msusi. Ilibaki prosesa peke yake. Ikipatikana ile inayofaa, Tatiana anabaki Kolwezi. Isipopatikana, jembe linamngoja Sandoa.

Jambo lingekwisha kwa dakika tano, kama Stany asingetangaza kwamba prosesa atachagua yeye.

Jana yake dukani Tatiana alikuwa ameonyesha moja, ndogo, bapa, ya rangi ya fedha. Baba yake hakuitazama hata mara mbili. Aliingiza mkono hadi chini ya sanduku la Adolphine, akatoka na kitu kizito cha rangi ya zambarau, kigumu kama sahani, chenye mamia ya miguu iliyong'aa kwa dhahabu.

"Hii hapa njo prosesa," akasema.

"Tata Stany," Adolphine akamjibu, "ile ilizaliwa mbele ya Tatiana kuzaliwa. Haiwezi kuingia mu carte mère yenu. Mi naiweka tu kwa sababu iko muzuri kwa macho."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miaka ishirini ya biashara ya mawe ilikuwa imemfundisha Stany kwamba mnunuzi akilidharau jiwe lako, jiwe hilo ni la thamani. Akatabasamu kwa ujanja. Hakukumbuka kwamba safari hii mnunuzi alikuwa yeye mwenyewe, na Adolphine ndiye aliyekuwa muuzaji.

"Nitapima teneur mbele ya kununua," akasema.

Teneur ni kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Kolwezi hata mtoto wa shule anajua. Adolphine alimtazama, akamtazama Tatiana, kisha akazifunga zote mbili ndani ya kopo. "Peleka tu, tata. Ile hautaki, utairudisha." Hakuandika kitu popote. Kaku Mbombo aliposimuliwa, alilishika jina la Adolphine moyoni.

Asubuhi ile wakaenda watatu, Stany, Tatiana na bibi, kwenye depo ya Kalombo, aliyenunua mawe ya Stany kwa miaka kumi, kando ya barabara ya Mutoshi. Bibi alisema anakwenda kumsalimia Kalombo. Kwa kweli alikwenda kwa sababu ya uso wa Tatiana.

Depo ilikuwa na mizani, na magunia matupu, na wanaume wanne waliolala juu ya magunia hayo. Tangu bei ianguke hawakuwa wamepima hata kokoto. Walipoelewa walichoitiwa, waliamka kama watu walioitwa harusini. Kalombo akaifuta vumbi bastola yake ya kupimia, ile inayoelekezwa kwenye jiwe na kutoa hesabu kwenye kioo chake kidogo. Miaka kumi Stany alikuwa ameiita bastola hiyo mwizi, mwongo, mtoto wa mwizi. Leo aliisogelea kofia ikiwa mkononi.

"Anza na ya mutoto," akaamuru.

Bastola ikalia. "Nikeli," Kalombo akasoma. "Na shaba chini yake."

"Shaba!" Stany akaruka. "Shaba njo inatufukuza ku nyumba, na wewe Tatiana unataka kuinunua tena?"

"Papa, hii si jiwe ya kuyeyusha. Iko bongo ya mashine. Kazi yake ni kuhesabu."

"Na ya zambarau?" akauliza mmoja wa wale waliokuwa wamelala.

Bastola ikalia tena. Kalombo akakitazama kioo, akakitazama kitu chenyewe, akavua kofia.

"Dhahabu."

Wanaume wakapiga makofi. Mmoja akaomba aishike tu, kwa dakika moja. Kalombo akauliza kwa sauti ya chini kama duka la Adolphine lina nyingine, maana yeye angejua la kuzifanyia, na asingehitaji kompyuta.

"Umesikia?" Stany akamwambia binti yake. "Bongo ya dhahabu. Ile yako iko na bongo ya sufuria."

"Wewe, Tata Stany," Kalombo akasema, "uliishia shule wapi?"

"Darasa ya nne."

"Inaonekana. Hawakukuharibu."

Wakacheka wote isipokuwa Tatiana. Njiani kurudi alitembea nyuma yao, na bibi akapunguza mwendo mpaka wakawa sawa. Alimshika mkono, kama wakati Tatiana alipokuwa na miaka minne.

Nyumbani Stany aliilaza carte mère juu ya meza, akakunja mikono ya shati. Akaiweka prosesa ya zambarau mahali pake. Ilikuwa kubwa kuliko mahali penyewe, ikayumba kama kuku juu ya yai la mwenzake.

"Papa, tafadhali," Tatiana akasema. "Pale ndani kuko miguu midogo-midogo. Ukibonyeza itapinda, na carte mère itakufa. Sina nyingine."

"Kitu kipya kinakuwa na kiburi. Kinataka nguvu kidogo." Akanyanyua kiganja.

Kaku Mbombo akauweka mkono wake juu ya prosesa, umelala wazi, wenye mishipa.

"Bonyeza sasa," akasema.

"Maman, toa mukono."

"Niko muzee, natoa polepole. Nieleze kwanza. Hii iko na miguu, na kitanda chake kiko na miguu. Nani atalala juu ya nani?"

Stany akashusha kiganja pembeni. Hata mke wake, aliyekuwa akifunga vyombo jikoni, akaacha kugonganisha sahani.

"Miaka ishirini unauza mawe," bibi akaendelea, kwa sauti ile ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. "Unajua vizuri kitu chenye kinaingia na chenye hakiingii. Niambie kweli, mwanangu. Unataka mashine ya mutoto iwake, ao unataka isiwake?"

Jasho lilikuwa limemtoka Stany usoni. Alikitazama kile kitu cha zambarau, na hakikuonekana tena kama dhahabu.

"Sandoa ni mbali, maman," akasema. "Na mutoto wangu njo huyu mumoja tu."

Tatiana aliketi polepole kwenye kiti. Miezi saba alidhani baba yake ni mkaidi tu. Akanyoosha mkono, akampangusa baba yake shati pale begani, kama kulikuwa na vumbi.

Stany mwenyewe ndiye aliyelifungua kopo, akatoa ile ndogo ya rangi ya fedha, akamkabidhi binti yake. "Weka wewe. Mikono yangu ni ya mawe."

Ikaingia bila kubonyezwa, ikakaa kama iliyozaliwa pale. Saa kumi na moja jioni kioo cha kompyuta kikawaka, na Stany akashtuka kuliko wote.

Kesho yake alikwenda Dilala kuirudisha ile ya zambarau, akiwa amepanga maneno mengi ya kujitetea. Adolphine hakumwachia nafasi ya kuyasema. Aliipokea, akaifuta kwa kitambaa. "Tata, mi mwenyewe siku ya kwanza niliponda carte mère mbili," akasema, akaenda kumsogezea msusi kiti mlangoni ili kona ibaki wazi kwa Tatiana. Huenda ilikuwa kweli, huenda aliitunga pale pale. Stany alimshukuru zaidi ya ilivyohitajika.

Siku ya kuondoka, lori lilisimama mbele ya duka, vitanda na masufuria juu, mke wa Stany na Kaku Mbombo mbele karibu na dereva. Stany aliingia kuaga kwa dakika moja. Akakaa saa nzima. Alikuwa akiendesha gari la mchezo kwenye kioo, akigonga kila ukuta uliokuwepo na mingine ambayo vijana waliapa hawajawahi kuiona.

"Tata, shuka, tupande," wakamwambia. "Utamaliza mji."

"Huu mji tayari wameumaliza," akajibu, akasimama.

Dereva akapiga honi. Tatiana akamfuata baba yake hadi nje, akasimama kati yake na ngazi ya lori.

"Papa, utarudia kunitembelea?"

"Tutaona, mama."

"Apana. Usiniambie tutaona. Sema siku."